Malalamiko ya Dokta Anayekimbia Asubuhi Bila Sababu

Kabambare, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartye Kilimani,
Papa Musafiri

KUHUSU: Haki yangu ya kukimbia bila kufuatwa

Mheshimiwa Papa Shefu,

Pokea heshima zangu zote, wewe na Mama Falonne, mke wako. Mimi ni Dokta Christophe Kalonda, yule wa upasuaji, mnayemwona akiingia hospitali kabla jua halijapanda na kutoka likiwa limekwisha kushuka. Miaka mitatu nimekaa katika mtaa huu, kartye yako, bila kugombana na mtu wala na mbuzi wa mtu. Leo nalazimika kukuandikia, na naomba usome polepole, kwa sababu nina hasira na mwandiko wangu ulikuwa mbaya hata kabla ya hasira.

Mambo yalianza hivi. Mwezi uliopita mwenzangu Dokta Odile alinipima presha. Akapima tena. Kisha akaniambia nikimbie nusu saa, mara tatu kwa juma, la sivyo atanizika hapa hapa Kabambare, mbali na mke wangu Naomie na watoto walioko Kasongo. Nikanunua viatu vya spoti sokoni, vya kijani, nikaanza. Na nikwambie ukweli, Papa: nilipenda. Ndani ya ile nusu saa hakuna mtu anayeniuliza dawa, damu, wala karatasi ya kutoka hospitali. Nasikia pumzi yangu tu. Sina raha nyingine katika juma zima, na ndiyo hiyo watu wako wameninyang'anya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza kabisa, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nilipita mbele ya Mama Emmanuella anayekaanga mikate pale barabarani. Nilimwamkia vizuri. Badala ya kuitikia, alimwaga mafuta, akakaza kitenge, akapiga kelele: "Dokta anakimbia! Beba mutoto, acha sufuria!" Kisha akakimbia yeye, mbele yangu. Mama mnene yule, Papa! Nilipofika kwenye kanisa, nyuma yangu kulikuwa na watu kama arobaini. Hapa naungama kosa langu: nilidhani wamependa spoti. Moyo ulinijaa furaha. Niliinua mkono, nikawaambia "Twende, twende!" nikaongeza mwendo. Walipoona naongeza mwendo, kartye nzima ikatoka. Kufika mtoni tulikuwa na magodoro, mabidoni ya maji, kuku waliofungwa miguu, na Papa Zéphirin. Huyo Papa Zéphirin nilimpasua ngiri siku nane kabla, nikamkataza hata kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Alinipita kwenye mlima akiwa na baiskeli begani.

Najua watakavyojitetea. Wanasema: "Dokta anajua mbele ya kila mutu, kwa sababu wenye kupigwa risasi wanafikia kwake." Hoja hiyo nimeitafakari kwa siku kadhaa. Ni hoja ya watu waliokwisha kukimbia mara nyingi, na siwacheki. Lakini jamani, akili nayo ifanye kazi! Mtu akimwona mwenzake anakimbia, kwanza asimame, aangalie, aulize, ndipo aamue. Mimi mtu wa sayansi ndivyo ninavyofanya, na ndivyo ninavyoomba kartye ifundishwe.

2. Nilipokuja kwako kueleza, ulinipa mtangazaji wako mwenye megafoni. Nashukuru kwa nia njema. Alizunguka jioni ile akisema: "Serikali inawajulisha, kesho Dokta atafanya spoti. Mutulie. Hakuna kitu." Papa Shefu, wewe na mimi tumezaliwa katika nchi hii. Ni lini serikali ilituambia tutulie na ikawa kweli hakuna kitu? Mama Falonne mwenyewe alianza kufunga mizigo kabla megafoni haijafika kona. Asubuhi yake nilikimbia katika kartye tupu, hata mbwa hawakuwako. Sikatai kwamba hewa ilikuwa nzuri. Lakini hospitali ilikaa siku mbili bila mgonjwa hata mmoja, na Dokta Odile akaniuliza ni ugonjwa gani umemaliza watu.

3. Basi nikasema nisiwasumbue, nitakimbia ndani ya uzio wangu mwenyewe, nikizunguka jiko. Mizunguko sitini. Kwenye mzunguko wa kumi na tisa, Mama Marie na kikundi chake cha maombi walikwisha kushikana mikono kuzunguka uzio, wakimfukuza pepo aliyeniingia. Walimfukuza kwa saa mbili. Kila nilipofungua mdomo kueleza, walisema: "Si yeye anasema, ni ile kitu." Imamu naye alituma mtu kuuliza kama angeweza kusaidia kwa lolote, na hilo, sijui kwa nini, lilinigusa. Lakini zoezi langu halikuisha.

4. Nikaacha mbio. Nikachukua ndoana, nikaenda kukaa mtoni siku ya Jumapili, mahali penye kivuli, nivue kama watu wa Nyangwe. Nani angeogopa mtu aliyekaa? Lakini watu wako wakaona Dokta mzima, amesoma miaka yote ile, amekaa peke yake anaangalia maji. Kabla sijabadilisha hata chambo, Naomie alinipigia simu kutoka Kasongo akilia, akasema vyovyote ilivyo, amenisamehe. Hadi leo hajaniambia alinisamehe nini, na mimi naogopa kuuliza. Nawe, Papa, ukamtuma Pitchou mwenye pikipiki aje kunilinda nisijitupe. Alikaa ubavuni pangu akinieleza utamu wa maisha mfululizo mpaka saa za chakula. Anaongea vizuri kijana huyo, na kwa sauti kubwa. Nadhani samaki wote wa mto ule sasa wako mto Lualaba.

5. Presha yangu leo imepanda hadi kumi na nane, yaani 180.

Kwa sababu hizo, nakuletea maombi yangu, na naamini ni ya mtu mwenye kiasi. Kwanza, kila mkimbiaji apewe karatasi yenye muhuri wako, inayoonyesha kama anakimbia kwa afya au kwa hofu. Wa hofu ahudumiwe papo hapo, asiambiwe arudi kesho. Tena, anayekimbia kwa afya ainue mkono wa kushoto, na anayekimbia hatari ainue wa kuume. Wenye watoto mgongoni na mizigo kichwani wasamehewe, hao tutawatambua.

Lakini nimefikiri zaidi, nikaona kwamba hayo yote ni kutibu homa na kuacha malaria. Shida si watu wako. Shida ni kwamba katika kartye hii kuna sababu moja tu ya kukimbia, nayo imekula sababu nyingine zote. Kwa hiyo naomba itangazwe rasmi kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo hadi saa kumi na mbili na robo asubuhi, hatari yoyote isiingie Kilimani. Wale wenye silaha walioko porini waandikiwe kwa lugha nzuri, bila matusi. Waelezwe kwamba saa zote nyingine ni zao kama kawaida, na siku nne nzima juu yake, na kwamba sisi hatujawahi hata siku moja kuwaingilia ratiba. Sisi tunaomba nusu saa. Kama unaona ugumu kuwaandikia, nitawaandikia mwenyewe. Baadhi yao nimewashona kwa mkono huu huu, hawatashindwa kuusoma.

Na wakikataa, basi waseme wazi kwa nini. Nusu saa, Papa! Hata mgonjwa mahututi hunipa nusu saa.

Nakuachia jambo hili mikononi, nikiamini halitalala kwenye meza yako pamoja na yale malalamiko ya daraja. Nisalimie Mama Falonne, nisalimie wazee wa baraza, mtangazaji na megafoni yake, Mama Marie na wote walioniombea bila idhini yangu. Nisalimie na Papa Zéphirin, na umwambie aje kutolewa nyuzi.

Wako katika utii na uchovu,

Dokta Christophe Kalonda
Daktari wa upasuaji, mkazi wa Kilimani

Nakala kwa:
– Dokta Odile, aiweke katika faili yangu ya presha;
– Imamu, kwa shukrani;
– Walioko porini, kama ofisi yako ina anwani yao.

NYONGEZA. Papa Shefu, barua hii nilikuwa nakuletea mwenyewe kwa miguu. Nilipofika kwenye kona ya shule, nilimwona Mwalimu Mkuu Alain anakuja mbio kutoka upande wa barabara ya Salamabila, jasho linamtiririka, shati limemshika mwilini. Sikusimama. Sikuangalia. Sikumwuliza kitu. Nilipiga kelele ambayo sikujua kwamba ninayo, nikamnyakua mtoto mmoja aliyekuwa anacheza karibu, ambaye mama yake nimemjua sasa hivi tu hapa mtoni, nikakimbia mpaka miguu ikakataa. Niliogopa, Papa. Niliogopa mpaka nilisahau jina langu, na naandika hivyo kwa akili timamu, kwa penseli, juu ya goti. Mama Emmanuella alinisogezea nafasi kwenye mkeka wake. Hakucheka. Alinipa maji, akaniuliza kama watu wangu wote wamefika.

Mwalimu Alain amefika wa mwisho. Amenunua viatu kama vyangu, ila vyekundu. Anataka kupunguza tumbo, na anauliza kwa nini sote tumekaa hapa. Naomba akatazwe mara moja, kwa megafoni, na asipewe karatasi ya aina yoyote.

Nakuona pale kwenye michikichi, una bendera ya ofisi kwapani na kiatu kimoja mguuni. Tulia kwanza, uvute pumzi, nitakuletea barua hapo hapo ulipo.