Chembe Zinazojua Njia ya Pafu

Ng'ombe walikohoa mnadani, na Fundi Maneno akasikia riziki ikibisha hodi. Jina hilo walimpa mtaani, maana hakuwa na ufundi mwingine. Mkewe alikuwa amesharudi kwao, na baba mkwe, mchuuzi wa mifugo, hakupindisha maneno: "Niletee ng'ombe mmoja wa jasho lako, ndipo utaondoka na binti yangu." Jasho! Mtu ambaye hata ndoo hajawahi kuibeba!

Akachemsha majani ya mkaratusi kwenye mafuta ya kupikia, akatia unga unaometa wa kupambia kadi, akajaza kwenye chupa, akavaa koti jeupe. Sasa sikia uongo uliokwenda shule.

"Hizi ni chembe za nano, mama. Hata vumbi huziita wadogo zake! Mafuta ya mmea yanazibeba, zenyewe zinajua njia ya pafu. Zikifika, kikohozi kwisha!"

Mama Maziwa, mwenye zizi nyuma ya gereji, alipiga makofi. "Kumbe wataalamu bado wapo! Ila hela sina, baba. Nina yule pale."

Kivulini alisimama ng'ombe wa kijivu, mnene, ametulia tuli.

"Chupa zote kwa huyo?"

"Zote. Na gari nimeshaita, usije ukamchosha mnyama wako kwa kumtembeza."

Lo, upole ulioje! Fundi Maneno akampakia ng'ombe haraka kabla mama hajazinduka.

Kwa mkwe alishuka kifua mbele. Mkewe alikuwa dirishani, begi mkononi, anacheka kwa furaha.

"Mzuri," mkwe alisema. "Ulimkimbiza?"

"Nimkimbize aende wapi, baba?"

Mzee akamtazama kwa huruma. Mnunuzi wa ng'ombe humkimbiza kwanza, kwani mgonjwa wa pafu akisimama kivulini hatoi siri. Akashika kamba, akamswaga mbio kuzunguka uwanja. Hatua kumi tu: koh! koh! koh! Makamasi yakatua kwenye koti jeupe. Kule dirishani begi likawekwa chini.

Fundi Maneno alirudi zizini mbio, pumzi juu juu. "Mama, umenipa mgonjwa!"

"Maskini, pole daktari. Bahati nzuri dawa ninayo, tena ya nano." Akazipanga chupa zote mbele yake. "Bei ni ileile: ng'ombe mmoja. Ila wako nitamkimbiza kwanza."