Mjane wa Jirani Yuko Tayari

Wembe, kinyozi wetu, alitandaza gazeti juu ya vikombe vya kahawa vya watu bila hata kuomba radhi.

"Sikilizeni. Maktaba ya umma imeleta mtambo mpya. Ukiagiza kitabu, kikipatikana unatumiwa ujumbe kwenye simu. Wasomaji wamefurahi sana."

"Wote isipokuwa mmoja," alisema Soli, fundi viatu.

Tangu asubuhi hakuwa amegonga hata msumari mmoja. Tukamuuliza kulikoni. Kumbe simu yake imepasuka kioo, kwa hiyo siku ya kujiandikisha alitoa namba ya mkewe. Jana ujumbe ukaingia, na yeye ameshaukariri:

"'Ndugu Msomaji, Mjane wa Jirani yuko tayari. Mfuate kabla ya Ijumaa.'"

Mimi si mtu wa kucheka matatizo ya wenzangu, lakini kahawa ilinipalia.

"Ni jina la kitabu!" Soli alilalama.

"Kitabu?" Ngeli, mwalimu mstaafu, alivua miwani. "Kingekuwa kitabu wangesema kiko tayari, kifuate. Huyu yuko. Huyu ni mtu."

"Mwalimu, ni mashine! Imeona mjane, ikaandika yuko!"

"Basi imekuzidi sarufi."

"Na jirani yenu si mjane kweli?" Wembe akadakia. "Yule uliyemshonea viatu juzi, ukavipaka na rangi?"

"Rangi ilibaki."

"Aa. Ilibaki."

"Nimemweleza mke wangu mpaka koo limekauka. Kaniuliza swali lilelile la Mwalimu. Asubuhi kachukua mkoba na kadi yangu ya maktaba, kasema anakwenda kumwona huyo mjane kwa macho yake. Miaka kumi na tisa, jamani! Akiniacha yule, mimi nimekwisha."

Hata Wembe alikunja gazeti.

Saa saba mkewe akatokea, mkoba begani, kitabu mkononi, kidole kimeshika ukurasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Shemeji, umemwona?" Wembe aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Nimemwona. Nimekaa naye pale maktaba tangu saa tatu, kisha jikoni. Sasa hivi yuko ukurasa wa sitini, anataka kuuza nyumba. Mjinga kweli."

Soli alishusha pumzi. "Si nilikwambia? Haya, nipe nisome."

"Subiri zamu yako."

Simu ya mkewe ikalia. Akasoma kwa sauti, polepole, wote tusikie:

"'Asante kwa kumchukua Mjane wa Jirani. Utakaa naye siku kumi na nne. Waliompenda huyu walimpenda pia Binti wa Posta. Tukuwekee?'"

Soli alifumba macho. Mkewe akabonyeza mara moja.

"Nimejibu ndiyo. Na namba usibadilishe."

Akaanza kuondoka, kisha akageuka.

"Chakula kiko mezani," alimwambia mumewe. "Kiko. Umeisikia hiyo ki?"