Wiski ya Pichi kwenye Ntheo ya Nzisa

Jumapili, 10 Agosti 2025

Ibada imeisha mapema. Bwana asifiwe. Nimekaa verandani na chupa ya Yvonne. Yvonne ni mpwa wangu, anafanya kazi hotelini Nairobi. Alipokuja Nunguni juzi aliniachia wiski tamu yenye ladha ya pichi, akasema ni ya wageni. Na mimi je? Duniani hapa sisi sote ni wapitaji.

Nimeionja tupu. Tamu mno, inakwama kooni. Nikajaribu na maji. Huzuni tupu! Kisha na soda ya limau na vipande vya barafu. Aiee! Pichi inaingia kwanza, limau inafuata, halafu kwa mbali kabisa wiski inabisha hodi kwa adabu. Nimekunywa polepole nikitazama ukungu ukishuka kwenye mashamba ya kahawa.

Najua mimi ni mzee wa kanisa. Najua hatunywi pombe. Lakini pichi ni tunda, na matunda aliyaumba nani?

Sijalewa. Nimetulia tu, na nikitulia namfikiria Nzisa. Jumamosi watu wa mchumba wake, Ben, wanaleta mbuzi za ntheo, posa yetu ya Kikamba. Mbuzi zikishapokelewa, binti yangu ni mke wa watu. Nimefurahi. Nimefurahi sana. Nimeongeza barafu.

Jumanne, 12 Agosti

Balaa! Ben amepiga simu, sauti chini. Mjomba wake wa Kitui, Mzee Mutunga, ndiye mkubwa wao, na amesema ntheo bila uki si ntheo. Yaani anataka ile pombe ya miwa ya wazee wetu, la sivyo mbuzi hazishuki kwenye gari. Nikamkimbilia Pasta. Pasta akasema akiona uki bomani mwangu ataondoka, yeye na kwaya yote.

Ntheo hii iliahirishwa mwaka jana kwa sababu ya msiba. Ikivunjika tena, sijui. Ndila, mke wangu, analia jikoni. Anasema ni vitunguu. Nimechungulia, anachambua maharagwe. Nzisa, aliyekuja likizo kutoka kazini Kitui, anapiga pasi nguo ileile tangu asubuhi.

Na kuna tusi juu ya jeraha. Ndila amemchagua Kimeu awe msemaji wetu. Kimeu! Jirani yangu, mzee mwenzangu wa kanisa, mtu anayesema "kwa kumalizia" kisha anaanza upya. Nimeuliza kwa nini si mimi. Ndila amesema Kimeu hana mipango. Nimeuliza kama hiyo nayo ni sifa. Amesema katika nyumba hii, ndiyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa! Pasta anataka kuona juisi. Mzee Mutunga anataka kuonja pombe. Mimi nina kitu kimoja kinachofanya yote mawili. Wengine wangeliita wazo hili kosa. Mimi naliita upatanisho.

Nimefanya utafiti. Na soda ya tangawizi: inawasha vizuri, ila rangi inatia shaka. Na chai ya rangi: asijaribu mtu. Na juisi ya maembe na limau kidogo: loh! Rangi ya maembe, harufu ya pichi, hata malaika angepokea glasi.

Tatizo, utafiti umemaliza chupa. Nimesafiri hadi Makindu kununua nyingine, kwa kuwa huko hakuna anayejua mimi ni mzee wa kanisa. Muuzaji akanipokea kwa heshima, karibu sana mzee wa kanisa. Nilikuwa nimesahau kuvua beji.

Ijumaa, 15 Agosti

Jioni Nzisa amenikuta verandani. Amekaa kwenye stuli kando yangu, kama alivyokuwa akikaa akiwa darasa la pili, magoti yamekutana. Ameniita Nau, yaani baba kwa Kikamba, jina ambalo hulitumia akitaka kitu kwa dhati. Ameniomba kesho nisipange chochote. Nikae tu kama baba. Mjomba akikataa, akatae, yeye mwenyewe atajua la kufanya.

Nimeahidi. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba nyumba itakuwa kimya, kwamba sijui nitamwita nani nikipoteza miwani. Badala yake nikamweleza jinsi barafu ikivunjwa ndogo inavyoharibu kinywaji. Amenisikiliza hadi mwisho, mtoto huyu. Kisha akaingia ndani kusaidia mama yake.

Jagi liko tayari kwenye friji. Ahadi ni ya kesho, na jagi nilichanganya leo.

Jumamosi, 16 Agosti



Wamefika kwa pikapu, mbuzi nyuma. Mzee Mutunga amevaa koti zito, hakucheka na mtu. Amekataa mbuzi zishushwe. Kimeu akaomba, mbuzi zikalia. Kimeu akapaza sauti, nazo zikapaza. Nikaona saa yangu imefika. Nikamimina mwenyewe, glasi baada ya glasi.

Pasta akanywa, akafumba macho, akasema juisi hii ina upako. Akaomba nyingine! Kimeu akamaliza yake, akasema "kwa kumalizia", na kwa mara ya kwanza maishani akamaliza. Moyoni nilikuwa naimba.

Mzee Mutunga akaonja. Akaweka glasi chini, kwenye nyasi. Akauliza ni nani hapa anaumwa kikohozi. Akasema amezeeka akiomba wasichana kwa watu, na hajawahi kupewa dawa ya watoto. Akamwambia dereva awashe gari.

Ndila akanitazama. Nikaogopa, nikasimama, nikaeleza kwa haraka kwamba sivyo, Mzee, huu ni uki wa kisasa, una wiski kabisa ndani yake! Mbele ya Pasta. Pasta akaitazama glasi yake ya pili. Ilikuwa tupu.

Hapo Nzisa akainuka. Hakunitazama. Akamwomba Pasta msamaha, akasema hakujua alichopewa. Akamgeukia Mzee Mutunga akasema baba yake amedanganya pande zote mbili. Akasema nyumba hii haina uki na haitakuwa nao, ila ina maji, na atamletea kwa mkono wake. Kama maji hayatoshi, mbuzi zirudi Kitui, lakini yeye na Ben hawataahirisha tena maisha yao kwa sababu ya glasi za wazee. Akaenda, akaleta maji, akapiga goti.

Mzee akayapokea maji. Akasema katika ntheo zote alizokaa hadi leo watu wamekuwa wakimdanganya, sanasana kuhusu umri wa mbuzi. Akayanywa yote. Akaagiza mbuzi zishushwe. Mbuzi mmoja alikula maua ya meza kuu na hakuna aliyemfukuza.

Nimelia mbele ya watu. Nimesema ni ukungu. Jua lilikuwa linawaka.

Jumatatu, 18 Agosti

Nzisa amerudi Kitui kazini. Alinikumbatia, akaniambia amenisamehe, kisha akanishika mabega, akaniambia tena kwa sauti ya mwalimu. Pasta amenisimamisha uzee wa kanisa hadi mwaka ujao. Kiti changu amepewa Kimeu. Amekuja kunipa pole, akakaa sana, akauliza kwa mbali kama ile juisi ilibaki.

Nyumba ni kimya, kama nilivyojua itakuwa. Jioni Ndila ametoka na shuka mabegani, akakaa kwenye stuli ya Nzisa. Baadaye akasema kifua kinambana na hii baridi, labda kidogo tu, na limau. Nimemchanganyia vizuri kuliko nilivyowahi kumchanganyia mtu. Amekunywa, akasema ni tamu, akasema pia mimi ni mpumbavu. Tumekaa hadi baridi ikatufukuza.

Kijiji kizima kinasema Nzisa ndiye aliyeokoa siku. Sikatai. Lakini mtoto angesema ukweli gani kama mimi singedanganya kwanza? Watu hawafikirii.

Harusi ya kanisa ni Desemba. Nimemwahidi Nzisa kwa simu, kwa moyo wangu wote, kwamba hakuna mtu atakayeona wiski kwenye glasi yoyote.

Keki, nasikia, hufyonza vizuri sana.