Kompyuta Inayomwogopa Fahali

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Imezima tena! Skrini bluu, maandishi meupe ya Kizungu, kisha kimya. Barua yote ya Mwalimu Priscah imepotea, na mwenyewe ameketi papo hapo mbele yangu. Nikamwambia kompyuta inafikiri. Akauliza inafikiri nini tangu asubuhi. Akakusanya karatasi zake, akavuka barabara kwenda kwa Ayuma.

Ayuma! Mwanamke mwenye taipureta ya tangu ukoloni, anayeigonga kwa nguvu makusudi ili nisikie. Ta-ta-ta-ta kutwa nzima.

Mchana akaja Mzee Joash wa Lubao, mwenye nyumba. Amesema Ayuma anakitaka chumba changu kwa kuwa kiko karibu na soko. Amenipa hadi Jumamosi. Kama sanduku langu haliwezi kumaliza kazi hata moja, nitoke. Nitoke! Mimi Makhanu, mtu wa kwanza kuleta kompyuta mtaa huu!

Jumanne, 6 Agosti

Nilidhani ni joto. Nikafungua sanduku, nikalipepea kwa kifuniko cha sufuria. Ikazima. Nikadhani ni umeme, nikachomeka kwa kinyozi jirani. Ikazima, na mashine ya kinyozi nayo ikazima katikati ya kichwa cha mteja. Mteja ameondoka na nusu. Nimewahi kusikia kwamba kompyuta hushikwa na virusi, basi nikapulizia dawa ya mbu. Nilikohoa mimi. Ikazima.

Kipkemboi, fundi wa redio, akasema huenda ni memori. Ndani kuna vipande viwili vyembamba vyenye meno kama kitana, ndivyo vinavyoshika unachoandika. Nitoe kimoja nijaribu, kisha nibadilishe.

Ajabu! Kwa kipande cha kwanza, mashine imetambaa kama konokono lakini haikuzima. Kwa cha pili, bluu kabla sijamaliza jina langu. Nimempata mgonjwa! Nimerudisha vyote viwili hata hivyo. Konokono sitaki.

Jumatano, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi. 

Mzee Joash alileta kazi ya kunipima. Historia ya fahali wake, Tingatinga, isomwe Jumamosi uwanjani kabla hajapigana na Radi, fahali wa Wanzala wa Shianda. Nikaandika T-i-n-g-a-t-i-n-g-a. Bluu!

Nikafumba macho, nikingoja kufukuzwa. Mzee akaruka kutoka kwenye kiti.

“Imeanguka! Uuwi! Hii mashine inaogopanga Tingatinga!”

Nilifungua mdomo nimweleze habari za memori. Mdomo ukasema, ndiyo Mzee, hizi mashine za kisasa huhisi nguvu. Mdomo gani huu nilipewa?

Akataka nimwandike Radi, aone. Nikamwambia mashine lazima ipumue kwanza, aende anywe chai. Alipotoka nikamchomoa mgonjwa. Aliporudi nikaandika Radi. Mashine ikatulia kama ng'ombe wa maziwa. Mzee alinikumbatia hadi kofia yake ikaanguka. Chumba ni changu, kasema, hata nikizeekea humo. Ila Ijumaa ataleta watu wajionee.

Watu?

Alhamisi, 8 Agosti

Habari imefika hadi Shianda. Ayuma alikuja mlangoni akauliza kama mashine inatambua na mbuzi. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Nimefanya usafi kwa ajili ya wageni. Nimefuta skrini, nimepangusa meza, nikafungua hata sanduku. Aibu! Vipande vya memori vilikuwa vichafu, meno ya mgonjwa yamekuwa meusi kwa vumbi. Nikayasugua kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa kama dhahabu. Nikavirudisha vyote viwili tayari kwa Tingatinga. Kipkemboi alipita akasema nijaribu kwanza kabla watu hawajaja. Kujaribu ni kwa wenye shaka.

Ijumaa, 9 Agosti

Mungu wangu.

Walikuja na ngoma za isukuti. Chumba kikajaa, wengine wakachungulia dirishani. Wanzala wa Shianda mwenyewe alikuja, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa kuliko tumbo. Mzee Joash akaketi mbele, amevaa koti la harusi.

Nikaandika Tingatinga. Haikuzima.

Nikaandika tena, kwa herufi kubwa. Skrini inanitazama tu. Nikaandika ukurasa mzima, Tingatinga juu hadi chini. Haijawahi kuandika vizuri hivyo tangu niinunue! Nikaipiga meza teke la siri. Hakuna. Jasho likanidondoka kwenye vitufe.

Wanzala akasema sasa aandikwe Radi. Nikasema mashine imechoka. Ayuma akapenya watu, akainama begani kwangu, akabonyeza mwenyewe kwa vidole vyake vya taipureta. R-A-D-I.

Umeme ukapotea mtaa mzima!

Nyamaza, usiseme. Watu wa Shianda walipiga kelele hadi mabati yakalia. Wakambeba Wanzala juu juu. Nikapaza sauti kwamba ni umeme, hata kinyozi amekatikiwa, waende waone. Mzee wa ngoma akajibu kwamba Radi ameangusha na kinyozi.

 Mzee Joash akaliweka sawa koti lake, akatoka.

Jumamosi, 10 Agosti

Uwanja ulijaa. Radi akaingia akichimba udongo kwa kwato. Tingatinga akamtazama mara moja, akageuka, akapita katikati ya watu, akazama kwenye mahindi ya wenyewe. Walimtafuta hadi saa za chai.

Mzee alinijia akiwa na kamba mkononi na macho mekundu.

“Hii ng'ombe ilisikia, kijana. Uliiambia mbele ya watu kwamba haiogopeki. Sasa mimi nitawaambia nini?”

 Nilitamani anichape kwa ile kamba, ingekuwa nafuu. Chumba kimekwenda kwa Ayuma.

Nikifungasha, nimejaribu mashine. Vipande vyote viwili, kila kimoja peke yake, kisha kwa pamoja. Haizimi! Haizimi kabisa! Kumbe mgonjwa hakuwa mgonjwa, alikuwa mchafu. Nimemponya kwa kifutio cha penseli, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Nimeketi sakafuni nimepigwa na butwaa.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada Ayuma alinisimamisha. Amesema ana nafasi kwenye kona ya chumba kipya. Niweke kompyuta maadamu imepona, nichape, yeye apokee wateja, tugawane. Alisema bila kunicheka hata kidogo. Nimeshangaa.

Nimemkatalia. Nina mpango mkubwa zaidi. Kibiwott wa Ekero ana mashine ya fotokopi ambayo haina mnunuzi, eti kwa sababu kila karatasi inatoka na ukingo mweusi pande zote. Watu hawaoni mbali! Ukingo mweusi ndio tangazo la kifo lenyewe, na matanga huku hayaishi. Tumekubaliana. Kesho nampelekea kompyuta yangu, naye ananipa fotokopi, mali kwa mali.

Ayuma akauliza nitafanya nini mtu akileta kadi za harusi.

Maskini, hajui biashara.