Risasi ya Paja la Babu

Leo nimeaibika Lewisham, tena nikiwa nimevaa suti.

Mnaonijua mnajua kwamba naendesha basi, na nikiwa off nakusanya risasi za zamani za kijeshi. Zisizo na baruti, msiniitie polisi. Napenda kuzigeuzageuza, kusoma mihuri ya kitakoni, kujua kila moja ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki gani. Mke wangu anaziita takataka. (Yeye ana kabati zima la sahani ambazo hakuna binadamu anayeruhusiwa kulia, lakini tuyaache.)

Sasa mpwa wangu Idrisa kampata binti, Salma. Kampenda mpaka kakonda. Wazee wa Idrisa wako Tanga, kwa hiyo mshenga nikawa mimi. Nikatoka zamu asubuhi, nikabadilisha nguo, nikavuka London nzima kutoka Walthamstow huku macho yanajifunga yenyewe. Idrisa akanipigia simu kunisihi nisizungumzie risasi. Nikamwambia atulie. Hata hali ya hewa sikuwa na nguvu za kuizungumzia.

Mzee Mfaume, baba yake Salma, alinipokea kwa heshima zote. Sambusa, kaimati, chai ya tangawizi. Mama yake mzee, Bibi Mwanahawa, alikaa pembeni na tasbihi yake, haongei. Nikasifu nyumba. Nikasifu malezi ya binti. Nikasifu mapazia (nilikuwa nimeishiwa). Mzee akafurahi. Akafurahi mno, akainuka, akarudi na kijisanduku chenye pamba ndani.

Akaanza kunisimulia. Marehemu baba yake alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma. Akapigwa risasi ya paja. Daktari akaichomoa, naye akaja nayo nyumbani, akachechemea mpaka alipoingia kaburini. Mzee alisimulia taratibu. Akasema hii ndiyo heshima ya ukoo wao, na kila anayetaka kuoa kwao lazima aione. Kisha akanikabidhi.

"Umewahi kuona kama hii, ndugu yangu?"

Jamani, usingizi ukaniruka.

Risasi ilikuwa nzima. Nzima, yaani kichwa na ganda lake la shaba. Kwa msiojua: kinachoruka ni kichwa tu, ganda linabaki kwa aliyepiga. Ili iingie nzima kwenye paja la mtu, lazima adui awe ameisukuma kwa mkono. Na si hayo tu. Ubavuni ilikuwa na matundu, na ndani kijiti chekundu cha mbao kinachungulia. Hiyo ni risasi ya kufundishia askari wapya. Haina baruti. Haiui hata kuku.

Mtu mwenye akili angesema "mashallah" na kuirudisha. Mimi nimeitafuta risasi ya aina hii kwenye minada miaka na miaka! Nikajiona nasifu. Nikamwonyesha matundu. Nikamwonyesha kijiti. Nikamwambia ana bahati, ni adimu, imetunzwa vizuri, "na unaona mwenyewe, hii haijawahi hata kufyatuliwa."

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe.

Mzee ananitazama, mkono bado umenyooka. Nikajaribu kuokoa jahazi, nikasema labda Burma walikuwa na bunduki tofauti. (Bunduki gani hiyo inayorusha mbao? Hata mimi sijui.) Salma, aliyekuwa ameingia kuongeza chai, na ambaye kazaliwa hapa hapa London, akachungulia yale matundu akijaribu kunitetea: "Dad, he does have a point." Yaani, eti nina hoja. Akazidisha mambo.

Ndipo Bibi Mwanahawa akaweka tasbihi chini.

"Alikuwa mpishi," akasema. "Aliangukiwa na sufuria la maharage kambini. Huko Burma kwenyewe hakufika." Mzee Mfaume akamgeukia mama yake kama mtoto aliyeamshwa ghafla. Lakini bibi alikuwa ananiangalia mimi. "Baba, nimekaa na jambo hili ndoa yangu yote, nikanyamaza. Wewe umeshindwa kunyamaza mpaka chai iishe?"

Mzee aliichukua ile risasi, akaifunika na pamba polepole, pembe kwa pembe. Nilimwonea huruma sana. Nilimtoa baba yake vitani sebuleni kwake mwenyewe, huku nimeshika kaimati yake mkononi.

Jibu limekuja jioni kwa simu. Posa imekubaliwa, kwa sababu kijana hana kosa. Ila Jumapili ijayo, tukirudi kupanga mahari, aje mshenga mwingine. Atakwenda shemeji yangu, ambaye hajui kitu chochote kuhusu chochote. Mimi nitaendesha gari, na nimeombwa kwa adabu nisishuke.