Pikapu Ilipomisi na Mama Mkwe Ndani

Habari ilifika kijiweni kwa sauti kabla ya maneno. Pu. Pu-pu. Pu. Pikapu ya Kipara, mbeba mchanga na mwenzetu wa benchi, ilijikokota mpaka mbele yetu ikasimama inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kwenye kiti cha mbele alikuwamo mama mkwe wake. Alikuwa amekaa kwa Kipara wiki sita, na basi la kumrudisha kwake lilikuwa linaondoka saa nne.

"Inamisi, ndugu zangu, injini inakatakata," Kipara alinong'ona, akaizima. "Na sasa ni saa tatu na nusu. Niokoeni. Wiki sita nakula kwangu nimevaa shati."

Daktari, fundi redio, akatega sikio kwenye boneti. "Pampu ya mafuta. Imechoka."

"Pampu wapi? Hiyo gia," akadakia Mkasi, fundi cherehani.

"Gia, na gari limesimama?"

"Ndiyo imechoka kusimama."

"Wewe cherehani yenyewe inakushona vidole."

"Na wewe redio ukizitengeneza zinasoma habari za juzi."

Mimi nikasema petroli ina maji, maana nami nilitaka kusema kitu.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akashuka taratibu, sote tukasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnabishana au mnatengeneza?"

"Tunachunguza, mama."

"Mwanangu, washa."

"Mama, utachafuka," Kipara akasema, macho chini.

"Nimeendesha mashine ya kusaga miaka kumi na tisa. Washa."

Kipara akawasha. Mama akainua boneti, akavua kandambili moja ya mpira, akaushika nayo waya wa plagi ya kwanza asipigwe shoti, akauchomoa. Injini ikayumba zaidi. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Alipochomoa wa tatu, injini haikubadilika hata chembe.

"Mmeona? Huyu hata akiondoka hakuna anayejua," alisema. "Ndiye asiyefanya kazi."

Sijui kwa nini wote tulimtazama Mkasi.

Gari likazimwa. Daktari akaleta spana na msasa. Plagi ilitoka nyeusi kama tako la chungu. Mama akaikwangua, akaifuta, akairudisha. Kipara alipowasha, injini ikanguruma laini kama paka aliyeshiba. Akamkumbatia Daktari, akamkumbatia Mkasi, akataka kumkumbatia mama mkwe, adabu ikamshika.

"Panda, mama, basi tunaliwahi."

Mama alikuwa bado ameinama. "Hizi plagi nyingine hali ni hiyohiyo. Mkanda nao unachanika. Mwanangu wa kumzaa, mkeo, apande gari linalotibiwa na benchi?"

"Kwa hiyo, mama?"

"Basi lipo hata mwezi ujao. Shusha begi langu."

Daktari akakumbuka redio aliyoiacha kwenye umeme. Mkasi akakumbuka suruali ya mteja. Mama akajifuta mikono, akanigeukia.

"Na ile pikipiki inayovuja oili ni ya nani?"

Nikaitazama pikipiki yangu.

"Mwenyewe simjui, mama," nikasema, nikaenda nyumbani kwa miguu.