Limi Hafungui Mdomo

Jumatatu, 8 Septemba

Kamera ya kinywani imefika! Nyembamba, ukubwa wa mswaki. Ukiiingiza kwa mgonjwa, jino linatokea kwenye skrini likiwa kubwa kama kiazi. Mkuu wa kliniki, Mama Serafina, kasema nitawafundisha wanachuo wa mwaka wa pili kuitumia kwa watoto. Ijumaa ataamua kama niendelee au kazi apewe Noela.

Noela! Ana miaka miwili kazini. Mimi kumi na tisa. Ila yeye alikwenda kozi ya kamera Dodoma. Mimi nilijificha chooni majina yalipoandikwa, nikidhani wanatafuta watu wa kufyeka majani.

Nimegundua kamera inalia kila inapopiga picha. Tiii! Nimeongeza sauti hadi mwisho. Wanachuo wajue kuna jambo linafanyika.

Siri: jino langu la nyuma kushoto linauma. Natafuna kulia tangu Pasaka. Mwalimu wa meno hawezi kuwa na jino bovu. Basi.

Jumanne, 9 Septemba

Mgonjwa wa kwanza: Limi, miaka sita, kutoka kijiji cha wachimbaji upande wa Geita. Yeye na mama yake wamefikia kwa shangazi yake hapa Shinyanga mjini. Shavu limevimba, siku tatu hajala ugali. Alinipa shikamoo vizuri, akapanda kitini mwenyewe. Mtoto wa dhahabu!

Nikawaonyesha wanachuo kamera kwenye kiganja changu. Tiii! Limi akafunga mdomo.

Nikabembeleza. Nikaimba. Nikanguruma kama simba (kosa kubwa). Noela akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kila kitu kinakwenda kwa mpango.

Mama Serafina kasema picha ikikosekana hadi Ijumaa, mtoto atapelekwa hospitali kubwa Mwanza, apewe dawa ya usingizi ndipo atibiwe. Mama Limi akageukia ukutani akajifuta macho kwa khanga. Hapo nikasahau habari za Noela. Kwa dakika tano hivi.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango mpya. Nimeivalisha kamera soksi ya mpwa wangu, nikaishonea vifungo viwili viwe macho. Limi alicheka! Akaibusu! Akafungua mdomo! Nikabonyeza. Tiii!

Mdomo ukafungwa. Soksi kaondoka nayo.

Noela akamfuata uani, akakaa naye chini kwenye saruji. Nikajibanza nyuma ya mlango nisikie anavyoniibia mgonjwa. Sikuambulia kitu, ila nimeumwa na siafu.

Alhamisi, 11 Septemba

Noela kanieleza yote. Kwao Limi, watu hupita na mashine ya kutafutia dhahabu. Ikilia tiii, wanachimba hapo hapo. Mwaka jana ililia nyuma ya jiko lao. Sasa pana duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, refu hata mwisho hauonekani. Mbuzi wao alitumbukia. Limi amemwambia Noela kwamba mdomoni mwake hapachimbwi.

Siku mbili namwimbia, kumbe mtoto alikuwa analinda kiwanja chake. Nimeona aibu. Nimezima mlio mwenyewe, kabla Noela hajasema.

(Alikuwa ameshasema. Mara mbili.)

Ijumaa, 12 Septemba

Bila mlio, Limi akakataa zaidi! Akasema sasa tunataka kuchimba kimyakimya. Akataka nipimwe mimi kwanza.

Wanachuo kumi na wanne wananitazama. Mama Serafina mlangoni. Nikaiingiza kamera upande wa kulia, kwa ujanja. Limi akaushika mkono wangu akausogeza kushoto.

Skrini nzima shimo jeusi! Wanachuo wakaanza kuandika. Limi akalitazama kwa huruma, akaniambia, "Pole, Mwalimu. Una duara." Kisha akanishika kidole gumba, akauliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu.

Akapanda kitini, akafungua mdomo wote. Picha tisa! Jino la utotoni, limeoza hadi mzizi. Noela akamwomba ruhusa kwanza, kama anavyoombwa mwenye kiwanja. Limi akaitikia kwa kichwa. Ganzi, koleo, limetoka. Muda wote alikuwa ameshika soksi mkono mmoja na kidole changu mkono wa pili. Alipoweza kusema, kasema wabeja, asante ya kwao. Mimi nilijifuta macho. Vumbi, nadhani.

Mama Serafina kaamua: tutafundisha wote wawili, mimi na Noela. Jumatatu Noela ataliziba jino langu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeandika ripoti yenye jina langu: "Mbinu ya Theonest ya Kumtuliza Mtoto." Nimeeleza kwamba jino nililiozesha makusudi, kwa ajili ya somo. Noela nimemtaja ukurasa wa mwisho, chini ya vifaa.

Kesho wageni wa wizara wanakuja. Nimeurudisha mlio hadi mwisho. Wajue kuna jambo linafanyika. Kwa hiyo kuziba jino kumeahirishwa. Nimeahirisha mimi.

Jioni Mama Limi kapiga simu. Limi anakula ugali pande zote mbili. Alitaka kuongea nami. Kauliza kama duara langu limeshafukiwa. Nikasema limefukiwa zamani. Akanisifu, akasema mimi ni jasiri.

Nimefurahi mno. Nimekula muhogo wa kuchoma. Upande wa kulia.